Kaseti za Vugo Zilizofutika: Uchambuzi wa Kisa cha Hifadhi ya Mtandaoni, Tudor, Mombasa

Kisa hiki kinahusu nyumba moja ya Tudor ambako mwalimu mstaafu alipoteza sehemu ya rekodi za sauti zilizokusanywa na familia yake kwa miaka mingi, ilhali alikuwa akilipia hifadhi ya mtandaoni kila mwezi, na ilhali hifadhi yenyewe haikuharibika, haikudukuliwa wala haikukosea popote. Nimekiandika kwa sababu hiyo hasa. Wizi wa laptopu na diski iliyoungua ni hasara ambazo kila mtu anazielewa, lakini faili zinazopotea wakati kila kitu kinafanya kazi sawasawa huwaacha wenyewe wakitafuta wa kumlaumu na wasimpate. Huduma iliyotumika haitajwi hapa, kwa kuwa tabia iliyoleta hasara inapatikana karibu katika huduma zote za aina yake.

Mali yenyewe ilikuwa na uzito wa takriban gigabaiti 140. Zaidi ya nusu ilikuwa sauti: kaseti 80 za dakika 90 kila moja, zilizorekodiwa katika harusi na hafla za akina mama tangu miaka ya 1970, zenye nyimbo za vugo (ngoma ya harusi ya akina mama inayopigwa kwa kugonga pembe), tenzi zilizosomwa na mama mzazi wa mwalimu huyo, na mazungumzo ya kawaida ya ukumbini ambayo leo yana thamani kuliko nyimbo zenyewe. Kaseti moja ya namna hiyo, ikigeuzwa kuwa faili ya sauti isiyobanwa, huchukua karibu gigabaiti moja. Zilizobaki zilikuwa picha zilizopigwa skana, video za harusi, na folda ndogo yenye hati za nyumba, vyeti vya kuzaliwa na karatasi za mirathi kutoka mahakama ya kadhi. Folda hiyo ya hati haikufika hata gigabaiti moja, na ndiyo pekee ambayo watoto wa mwalimu waliiulizia kwanza walipopata habari.

Jambo moja lilifanya hasara iwe nzito. Kaseti nyingi zilikuwa zimeota ukungu, kama ilivyo ada ya vitu vya plastiki na karatasi vinavyokaa miaka katika makabati ya pwani, na baada ya kugeuzwa kuwa faili zilitupwa ili kupata nafasi. Kuanzia siku hiyo faili hazikuwa tena nakala za kaseti, bali zilikuwa ndizo asili. Familia iliendelea kuzichukulia kama nakala, na nadhani hapo ndipo tatizo lilipozaliwa, kabla ya mtandao kuingia katika habari hii.

Mpangilio ulifanywa na mpwa wa mwalimu, kijana anayejua kompyuta, kabla hajasafiri kwenda kufanya kazi Doha. Alifungua akaunti kwa jina la shangazi yake, akalipia nafasi ya kutosha, akaweka programu ya huduma hiyo kwenye laptopu, na kuelekeza folda zote za familia humo. Kila faili iliyoingia kwenye folda ilipanda mtandaoni yenyewe. Mwalimu aliweza kufungua picha kwenye simu, na ndugu wa Muscat walipoomba wimbo fulani aliwatumia kiungo tu. Kwa kazi hiyo mpangilio ulikuwa mzuri, na kwa miaka miwili hivi hakuna aliyekuwa na lalamiko. Mpwa alimwambia shangazi yake kwamba sasa hata laptopu ikiibiwa hana haja ya kuogopa, na katika hilo alisema kweli.

Katikati ya mwezi wa Rajabu, mjukuu aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kungoja matokeo alitaka kuweka programu ya kuhariri video kwenye laptopu ya nyanya yake. Diski ilikuwa ya gigabaiti 256 na ilikuwa imejaa kiasi cha kuonyesha mstari mwekundu. Alitafuta folda kubwa kuliko zote, akakuta ile ya kaseti, na kwa kuwa alijua kwamba vitu vya nyanya vyote viko mtandaoni, aliifuta kisha akamwaga pipa la taka la kompyuta. Alidhani anaondoa nakala ya hapa na kuiacha ya kule. Programu ya huduma, kwa upande wake, ilielewa kwamba mwenye mali ameamua kuiondoa folda hiyo, ikaiondoa mtandaoni na kwenye kila kifaa kilichounganishwa na akaunti. Barua ya kuarifu kwamba faili nyingi zimefutwa kwa mkupuo ilitumwa siku hiyohiyo kwenye anwani ya barua pepe ya akaunti, anwani ambayo mpwa aliitengeneza kwa ajili ya usajili na ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifungua tena.

Shaabani ikapita. Ramadhani ikaingia, mwezi ambao hakuna harusi na hakuna anayetafuta nyimbo za vugo. Katika wiki ya kwanza ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, harusi zilipoanza, binamu mmoja aliomba wimbo ambao marehemu mama alizoea kuuanzisha, na mwalimu alipofungua folda akakuta haipo. Kauli yake ya kwanza, kama nilivyoelezwa, ilikuwa: "Mwanangu, mimi sikufuta kitu." Zilikuwa zimepita siku zaidi ya 75 tangu kufutwa.

Hesabu ya siku ndiyo kiini cha kisa hiki. Huduma za kusawazisha faili huwa na pipa la taka la mtandaoni, na pipa hilo lina muda. Google Drive huondoa vilivyomo baada ya siku 30, utaratibu ulioanza tarehe 13 Oktoba 2020; kabla ya hapo faili zilikaa humo mpaka mwenyewe azimwage. OneDrive kwa akaunti za watu binafsi ni siku 30. Dropbox kwa mpango wa bure ni siku 30, na iCloud Drive ni siku 30 vilevile. Kampuni hizi hazikukaa pamoja kupanga muda huo. Inaelekea kila moja imekadiria kwamba mtu aliyefuta kitu kimakosa atagundua ndani ya mwezi mmoja. Makadirio hayo yanafaa kwa faili za kazi. Karani wa ofisi ya forodha pale Kilindini akifuta ankara leo, kesho ataitafuta, na mfanyakazi mwenzake akiitaka ataipigia kelele kabla ya adhuhuri. Kumbukumbu za familia hazifunguliwi hivyo. Hufunguliwa harusini, msibani, wakati wa kugawa urithi, au mtoto anapoomba pasipoti, na kati ya tukio moja na jingine unaweza kupita mwaka mzima bila mtu kuzigusa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye huduma si ukubwa wa nafasi anayotoa tu. Mtu ajiulize kwanza yeye mwenyewe huchukua muda gani kugundua kwamba kitu kimepotea, kisha atafute huduma inayokumbuka kwa muda mrefu kuliko huo.

Wengi pwani huita huduma hizi zote kwa jina moja, hifadhi ya mtandaoni, na jina hilo linafunika kazi mbili tofauti. Kazi ya kwanza ni kusawazisha, yaani kuhakikisha kwamba folda iliyo kwenye laptopu, iliyo kwenye simu na iliyo kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni ya huduma, zinafanana wakati wote. Kazi ya pili ni kuweka nakala ya akiba, yaani kubaki na hali ya jana hata kama ya leo imebadilika. Kazi hizi mbili zinakinzana: ya kwanza inafanikiwa pale inapofuata haraka kila badiliko, pamoja na badiliko baya, na ya pili inafanikiwa pale inapokataa kulifuata. Mjukuu angefuta faili mojamoja kwa bahati mbaya, au kirusi cha kudai fidia kingezisimba faili zote zisisomeke, programu ya kusawazisha ingepeleka uharibifu huo mtandaoni kwa uaminifu uleule. Hata programu zenyewe hukosea: mwezi wa Novemba 2023 baadhi ya watumiaji wa programu ya Google Drive ya kompyuta waliona faili zao za miezi kadhaa zimetoweka, na Google ikalazimika kutoa toleo lenye njia ya kuzirejesha.

Juhudi za kuokoa zilianzia mahali ambapo watu wengi huanzia, kwenye maduka ya ufundi wa kompyuta ya katikati ya mji. Mafundi wawili walijaribu programu za kufufua faili zilizofutwa na hawakupata chochote cha maana, na sababu ni ya kiufundi wala si uzembe wao. Katika diski za zamani zenye sahani inayozunguka, faili iliyofutwa hubaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na ndiyo maana hadithi za kufufua faili baada ya miezi ni nyingi. Laptopu hii ilikuwa na diski ya aina ya SSD, isiyo na sahani inayozunguka. Diski hizo hupokea kutoka kwa mfumo wa kompyuta amri iitwayo TRIM, inayoziarifu ni sehemu zipi hazihitajiki tena, nazo huzisafisha zenyewe ili ziandikike kwa kasi baadaye. Baada ya wiki kadhaa za matumizi hakukuwa na kitu cha kufufua. Huduma ya mtandaoni ilipoandikiwa ilijibu kwa adabu kwamba muda umepita.

Kilichorudi kilirudi kwa njia za zamani. Ndani ya kabati, katika mfuko wa kitambaa, ilipatikana diski ya nje ambayo mpwa aliitumia kukusanyia faili kabla ya kufungua akaunti. Ilikuwa na kaseti 50 kati ya 80. Ilikuwa imeanza kuota kutu kwenye tundu la waya, kwa kuwa hewa ya Tudor ina chumvi ya mkono wa bahari ulio hatua chache kutoka hapo, lakini ilisomeka. Vipande vya kaseti nyingine vilipatikana kwa ndugu wa Muscat, waliokuwa wamecheza nyimbo kwenye simu moja na kuzirekodi kwa nyingine kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp; wimbo unasikika, lakini sauti imebanwa kiasi kwamba pembe ya vugo yenyewe inasikika kama kijiti kinachogonga bati. Kaseti chache za asili zilikuwa zimeazimwa na jamaa wa Majengo na hazikurudishwa, deni ambalo mwalimu amelisamehe kwa furaha.

Mpangilio mpya ulianza kwa kutenganisha folda. Faili za kila siku zilibaki katika huduma ya kusawazisha, ambako zinafaa. Kumbukumbu za familia ziliwekwa katika folda nyingine, nje ya programu hiyo, na kuwekewa ruhusa ya kusomwa tu, kiasi kwamba hakuna anayeweza kuzifuta bila kwanza kuingia kwa nenosiri ambalo mjukuu hana. Folda hiyo ndiyo inayochukuliwa na huduma ya pili, ya aina ya nakala za akiba, iliyowekwa ikumbuke kila faili iliyofutwa kwa mwaka mmoja. Backblaze, kwa mfano, huruhusu mteja wa kompyuta ya nyumbani kuchagua muda huo badala ya siku 30. Mwaka mmoja unazunguka harusi za Mfungo Mosi na kurudi tena kwenye harusi za Mfungo Mosi, na kwa familia hii hicho ndicho kipimo chenye maana. Mwenye kuhifadhi diski za nje kwa njia hii asome masharti kwa makini, maana diski isiyounganishwa na kompyuta kwa muda mrefu kuliko ule uliochaguliwa huhesabiwa kuwa imefutwa.

Kupandisha kumbukumbu hizo kulihitaji subira. Mzigo wa gigabaiti 140, kama ule wa kabla ya hasara, ni gigabiti 1,120, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 10 kwa sekunde, hesabu inatoa saa 31 mfululizo, na kwa megabiti 2 kwa sekunde inafika siku sita na nusu. Kwa bando za simu jambo hilo halifikiriki. Mwenye intaneti ya waya nyumbani anaweza kulifanya usiku, mradi azime ile tabia ya laptopu kulala inapofunikwa, na mradi programu iwe na uwezo wa kuendelea pale ilipokatikia, kwa sababu stima itakatika. Watu wengi huangalia kasi ya kupakua, ambayo ndiyo inayotangazwa kwenye mabango, na kusahau kwamba kwa nakala za akiba kasi ya kupakia ndiyo inayoamua.

Mombasa ni mji ambao nyaya za intaneti za chini ya bahari hutua, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na nyingine baada yake, na huenda mtu akadhani kwamba kwetu mtandao hauwezi kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ikapungua kasi katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Hitilafu kama hiyo haiharibu nakala iliyo kwenye seva, ila humzuia mwenyewe kuifikia, na siku anayoihitaji hati ya nyumba kwa ajili ya wakili haitaahirishwa kwa sababu ya waya. Kwa hiyo diski za nje hazikuachwa. Ziko mbili: moja nyumbani Tudor na nyingine kwa dada yake mwalimu huko Likoni, ng'ambo ya feri, nazo hubadilishana zamu kila Idd wakati wa kutembeleana. Kila moja hukaa ndani ya mkebe mtupu wa halua wenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Wapiga picha wengi duniani hufuata kanuni ya nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa mbali. Familia hii imeifikia bila kuisikia.

Suala la akaunti lilikuwa baya kuliko tulivyotazamia. Namba ya simu iliyosajiliwa kwa ajili ya kurejesha nenosiri ilikuwa laini ya zamani ya mpwa, aliyoiacha alipohamia Doha, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa kisha hupewa mtu mwingine. Maana yake ni kwamba mgeni asiyejulikana angeweza kupokea namba za siri za kufungulia kumbukumbu za familia, naye mwalimu asiweze. Laini ilibadilishwa kuwa yake, barua pepe ikaunganishwa na simu anayoishika kila siku, na malipo yakahamishwa kutoka kadi ya benki ya mpwa, iliyokuwa inakaribia kuisha muda, kwenda kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Malipo yanayokataliwa kimyakimya ni mlango mwingine wa hasara, kwani nakala za mteja asiyelipa hazitunzwi milele. Vilevile akaunti isiyofunguliwa kwa miaka miwili inaweza kufutwa na Google chini ya utaratibu ulioanza kutekelezwa Desemba 2023. Nazo huduma zenyewe hufungwa: CrashPlan ilitangaza mwaka 2017 kwamba inaacha wateja wa nyumbani, na Amazon Drive ikafungwa tarehe 31 Desemba 2023. Wateja walipewa notisi katika visa vyote viwili, na notisi hizo zilikwenda kwa barua pepe.

Kisheria hapakuwa na mengi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 haiwabani watu wanaoshughulikia taarifa kwa ajili ya mambo ya nyumbani kwao tu, ingawa busara inataka nakala za vitambulisho vya ndugu zisitumwe kwa viungo ambavyo yeyote anaweza kuvifungua, na viungo kadhaa vya namna hiyo vilipatikana vikiwa wazi na vikafungwa.

Kazi haikuhesabiwa kuwa imekamilika mpaka jaribio la kurejesha lilipofanywa. Kaseti moja ilichaguliwa na mwalimu mwenyewe, ikapakuliwa kutoka kwenye huduma ya pili hadi kwenye kompyuta nyingine kabisa, isiyokuwa na programu wala nenosiri lililohifadhiwa, ikachezwa mwanzo, katikati na mwisho. Jaribio la kwanza lilikwama kwenye nenosiri, ambalo lilikuwa limeandikwa daftarini likiwa na herufi kubwa mahali pa ndogo. Kosa dogo kama hilo hugunduliwa kwa namna moja tu, na ni bora ligunduliwe na mtu asiye na haraka.

Lilibaki jambo ambalo familia haikukubaliana. Huduma ya nakala inampa mteja hiari ya kuweka ufunguo wake binafsi wa usimbaji, ili hata wafanyakazi wa kampuni wasiweze kuzisoma faili zake; ufunguo huo ukipotea, hakuna awezaye kuzifungua. Mpwa alishikilia kwamba uwekwe. Mwalimu alikataa, akisema kwamba umri wake hauruhusu siri ambayo yeye peke yake anaijua, na kwamba nyimbo za mama yake ziliimbwa ukumbini mbele ya watu na hazikuwa siri tangu mwanzo. Mwishowe ufunguo uliwekwa kwenye folda ya hati peke yake, ukaandikwa kwenye karatasi mbili, moja ikafungwa pamoja na wosia na nyingine ikapelekwa Likoni, ndani ya mkebe.